Mke wangu amebadilika ghafla, nimrudishe kwao Marangu?

Fundi wa Pasua
Habari za jioni wakuu. Naomba msinitukane, nimechanganyikiwa.

Niko Moshi, Pasua. Mke wangu anauza mitumba Kiborloni, mwanamke mpole, wanaomfahamu wanajua. Mwezi huu amegeuka mtu mwingine kabisa. Halali. Saa nane usiku anafua, saa tisa anapanga upya vyombo huku anaimba, ukimwambia apumzike anakuona kama unamwonea wivu. Anaongea haraka mpaka maneno yanapandana. Kachukua hela ya kikoba, ambayo si yake peke yake, kanunua mabelo matatu ya makoti kwa mkupuo. Anasema ameonyeshwa kwamba mwaka huu baridi itashuka mpaka Himo. Juzi kaanza kudai mimi na dada yangu tunamtilia kitu kwenye chakula. Sasa anajipikia mwenyewe na anakula peke yake, kiti kakigeuza aone mlango.

Mama anasema ni watu wa sokoni wamemfanyia mambo. Kuna mtumishi Majengo kasema tumpeleke akae kwenye maombezi wiki mbili. Mimi nawaza nimrudishe kwao Marangu wazazi wamwangalie mpaka akili itulie. Kati ya hayo mawili lipi bora? Tuna watoto wadogo. Nawasilisha.

Mzee wa Kahawa
Ngoja waje wajuzi. Ila makoti Moshi mwezi wa sita, huyo mama mimi ningemkopesha hela ya belo la nne.

Binti Himo
Yaani mke akiwa mzima anauza mitumba mnakula, akiugua anakuwa mtoto wa wazazi wake? Mahari mlitoa ya kununua au ya kukodi? Kaa na mkeo.

Askari wa Maombi
Mkuu, usipuuze neno la mama. Haya mambo ya sokoni yapo. Shangazi yangu alianza hivyohivyo, haongei na mtu, mwisho akakimbilia Holili usiku na kanga moja. Funga na kuomba, ukimchelewesha utajuta.

Nesi wa Zamu
Pole sana kaka. Kabla ya kuamua Marangu au Majengo, nijibu hili: kabla hajabadilika alikuwa anaumwa nini? Amejifungua karibuni? Ana uvimbe wa tezi shingoni? Kuna dawa yoyote ameanza? Mtu mzima hageuki hivyo ndani ya wiki chache bila sababu, na mara nyingi sababu tunaikuta mwilini.

Fundi wa Pasua
Asante dada. Mambo ya dawa hayahusiani. Alikuwa na shida ya ngozi tu, imeshapona.

Nesi wa Zamu
Dawa ya ngozi ya kupaka au ya kumeza? Inaitwaje?

Fundi wa Pasua
Ya kumeza. Alitokwa malengelenge mdomoni na mgongoni, yakipasuka anabaki na vidonda kama kamwagikiwa maji ya moto. Hospitali wakasema ni pemfigasi, wakampa prednisoloni, vile vidonge vidogo vya miligramu 5, anameza 12 kila asubuhi. Sikuona sababu ya kutaja kwa sababu vidonda vimekauka. Dawa imefanya kazi vizuri.

Nesi wa Zamu
Kaka, vidonge 12 ni miligramu 60 kwa siku. Kwa pemfigasi hiyo si ajabu, ugonjwa wenyewe unaua usipodhibitiwa. Lakini prednisoloni kwa dozi kubwa inagusa akili, na ulivyoeleza ndivyo inavyokuja: usingizi unakatika, mtu anajaa nguvu na mipango, anatumia hela, anaongea bila breki, halafu anaanza kushuku waliomzunguka. Wengine huenda upande wa pili, wanalia na kutaka kufa. Kwa wengi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Marekani, Boston, walifuatilia wagonjwa wa hospitali wakatoa majibu mwaka 1972: waliotumia miligramu 40 kushuka chini, mmoja hivi kati ya 100 alipata matatizo ya akili, waliopita 80, walikuwa kama 18 kati ya 100. Wa kati kama mkeo walikaribia 5.

Hii inatibika. Daktari anapunguza dozi kidogokidogo, akili inarudi. Ila dawa HAIACHWI ghafla. Nakuomba unijibu, bado anameza?

Kaka wa Siha
Nesi yuko sahihi. Mdogo wangu alilazwa Kibong'oto kwa kifua kikuu sugu, wakamwanzishia saikloserini pamoja na nyingine. Wale watu walituita ndugu mapema, wakatuambia mkimwona anaongea peke yake au amekuwa mkali tuambieni, msimfiche. Na kweli, kuna usiku alimgombeza mgonjwa wa kitanda cha pili akidai anasoma mawazo yake. Tulisema, wakaishughulikia, na vitamini B6 alikuwa anapewa kila siku. Alipona kifua. Leo ana kuku wa mayai Sanya Juu, anauza trei mpaka Bomang'ombe. Kuku wenyewe alianza na...

Binti Himo
Kaka wa Siha, kuku fungulia uzi wake.

Jirani wa Njiro
Mimi mama yangu mdogo alitumia ARV za zamani zenye efavirenzi, kabla hawajahamia dolutegravi. Ndoto zake! Alikuwa anaamka jasho linamtiririka, anatuambia amezikwa hai kwenye mgomba. Tukamwita mchungaji kuombea nyumba, tukahamisha kitanda. Hakuna aliyefikiria kumuuliza daktari, mpaka yeye mwenyewe alipoeleza kliniki.

Mama Sanawari
Nimetumia prednisoloni kwa ajili ya lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Nataka kumweleza mleta uzi ilivyo kwa ndani. Hujioni mgonjwa. Unajiona umepona kuliko siku zote za maisha yako, na watu wote wamekuwa wazito, wanakuchelewesha. Niliandika barua ya kuacha kazi saa kumi alfajiri nikiwa na furaha kubwa. Wakati huohuo uso umevimba kama chapati, njaa haikatiki, unajitazama kwenye kioo humjui unayemwona. Halafu kila mtu nyumbani ananong'ona. Ukinong'onewa na watu wote, kweli utahisi unatiliwa kitu kwenye chakula! Mume wangu aliacha kunong'ona, akakaa mbele yangu, akasema: dawa inakusumbua, twende wote tukamwambie daktari. Nilimkasirikia sana ila nilikwenda.

Nesi wa Zamu
Asante Mama Sanawari. Fundi, sijapata jibu. Bado anameza?

Fundi wa Pasua
Nimesoma yote. Jamani mimi ni baba wa familia, siwezi kukaa naangalia nyumba inabomoka huku nasubiri tarehe ya kliniki. Ijumaa nilimwondolea. Vidonge nimeviweka chini ya unga kwenye debe, hawezi kuviona. Na matokeo yapo: ametulia. Haimbi, hafui usiku. Leo kalala tangu asubuhi, ukimwita anaitika kwa mbali. Chakula hataki, katapika, mama anasema ni uchafu unatoka. Wenyewe mmesema dawa ndiyo imemharibu, sasa kuiondoa kosa langu liko wapi? Ndiyo maana niliuliza Marangu au Majengo, asafiri kesho akiwa ametulia hivihivi.

Nesi wa Zamu
KAKA ASISAFIRI POPOTE ZAIDI YA HOSPITALI, NA NI SASA HIVI.

Huko si kutulia. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, mwili hauishi bila hiyo. Ukimeza prednisoloni nyingi kwa wiki kadhaa tezi zinalala kwa sababu kazi yao inafanywa na vidonge. Ukivitoa ghafla, mwili unabaki mtupu: presha inaanguka, sukari inaweza kushuka, mtu anatapika, analegea, anapoteza fahamu. Anaweza kufa. Chukua gari, chukua kadi yake, toa vidonge kwenye unga uende navyo. Mapokezi usiseme anaumwa tumbo. Sema: alikuwa anameza prednisoloni miligramu 60, ameachishwa ghafla tangu Ijumaa. Sema hivyohivyo.

Mzee wa Kahawa
Mkuu nenda. Nauli kama huna sema hapa.

Mwalimu Mstaafu
Hatujifunzi. Mwaka 2011 nilikuwa Arusha, niliona magari yanavyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Wapo waliotupa ARV na dawa za sukari wakiamini wamepona. Niliwazika wawili mtaani kwangu. Kuomba ombeni, mimi ni mzee wa kanisa, lakini dawa ya mtu usiiguse.

Mpelelezi
Wakuu hii ni chai. Mwezi wa tatu huyuhuyu Fundi wa Pasua aliandika kwenye uzi wa ajira kwamba anafanya kazi Arusha na nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Leo anajua mke anapanga vyombo saa tisa usiku? Halafu huyo Nesi anajibu ndani ya dakika mbili kila mara, na takwimu za 1972 kichwani. Akaunti mbili, mtu mmoja. Mnalizwa.

Binti Himo
Sasa na mimi nimeanza kuwaza. Vidonge kwenye debe la unga...

Askari wa Maombi
Nilisema tangu mwanzo nyuzi hizi ni za kupinga huduma za watumishi wa Mungu.

Kaka wa Siha
Mpelelezi, mtu anatapika wewe unafukua nyuzi za mwezi wa tatu?

Nesi wa Zamu
Najibu haraka kwa sababu niko macho zamu ya usiku. Kama ni uongo nimepoteza nusu saa. Kama ni kweli, kila dakika tunayobishana hapa yule mama anaimaliza akiwa amelala. Fundi, umeondoka?

Mpelelezi
Kimya. Niliwaambia.

Fundi wa Pasua
Niko hospitali. Presha walikuta 80 kwa 50. Wamemwekea dripu na kumchoma haidrokotisoni, sasa anaongea, sauti ya chini lakini anaongea. Nilisema kama Nesi alivyoniandikia, daktari hakuuliza mara mbili. Mpelelezi, kazi Arusha ilisimama mwezi wa nne, niko nyumbani tangu hapo.

Lakini bado sijaelewa. Wakimrudishia vidonge si anarudi kulekule? Na watu wa kikoba wanakuja kesho asubuhi.

Nesi wa Zamu
Mungu ni mwema. Waeleze madaktari kila ulichotuandikia hapa: kutolala, mabelo, kushuku chakula. Wakijua, wanaweza kumpa kwa muda dawa ya kutuliza akili, kwa mfano olanzapini, na kumwongezea dawa ya pili ya pemfigasi, kwa mfano azathioprini, ili prednisoloni ishuke polepole. Omba aonwe na watu wa afya ya akili akiwa hapohapo wodini. Akiruhusiwa, dozi ipungue kwa maandishi ya daktari, wewe kazi yako ni kuhesabu vidonge naye asubuhi, mezani, bila kuficha.

Mama Sanawari
Na hela usimhoji akiwa kitandani. Akili ikirudi atakumbuka kila kitu, na hapo ndipo atakuhitaji zaidi. Mimi kipindi cha aibu kilikuwa kigumu kuliko kile cha furaha.

Katibu wa Kikoba
Kuhusu kesho: mimi ni katibu wa kikoba kingine hapahapa Kiborloni. Usisubiri waje, mpigie mwenyekiti wenu usiku huu umwambie mama amelazwa. Mabelo ambayo hayajafunguliwa waliomuuzia wanaweza kuyapokea wakikata kidogo, lililofunguliwa liuzwe kwa usimamizi wa kikundi, pungufu liandikwe kama mkopo wake. Tumeshafanya hivyo kwa mwanachama wetu. Nitumie ujumbe pembeni nikutumie maneno tuliyoandika kwenye daftari.