Gia namba mbili inagoma asubuhi nikilala Lushoto, nikifika Mombo inapona. Naomba ushauri kabla sijanunua giaboksi

MamaKaroti (Tanga):
Habari zenu wakuu, na shikamooni mnaostahili. Nina Kirikuu, pikapu ndogo ya gia za mkono, nabebea mboga. Mara mbili kwa wiki napanda Lushoto, nalala huko, alfajiri napakia karoti, kabichi na hoho, nashuka Soni, Mombo, Korogwe, Segera mpaka soko la Mgandini.

Tangu Juni iingie sina raha na gari. Nikiwasha saa kumi na moja alfajiri, liva ya gia ni nzito kama mwiko kwenye ugali uliokaza. Namba moja inaingia kwa nguvu. Moja kwenda mbili inasita, halafu inakubali. Tatu kurudi mbili ndiyo balaa: inakwaruza, krrr, na mkono unarudishwa. Nikishafika Mombo kwenye joto, nabadili gia kwa vidole viwili. Tanga mjini naendesha wiki nzima wala sikumbuki kama kuna tatizo.

Jumanne iliyopita nilishuka na mzigo umejaa. Kabla ya Soni, kwenye kona, nikatoa tatu nitafute mbili, ikakataa. Gari likawa halina gia, linateremka kwa breki peke yake. Ni sekunde chache tu, lakini kijana wangu wa kupakia alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nilipopata pa kuegesha nilizima, nikakaa kimya nikasikiliza maji ya bondeni.

Fundi wa kwanza kaniambia giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Wa pili anasema klachi. Klachi ina mwaka na nusu. Oili ya giaboksi nilibadili Machi, hapa mjini. Naombeni msaada, hela ya giaboksi ndiyo hela ya ada ya watoto.

Kijana wa Raskazone:
Pole dada. Amka mapema, washa gari liungurume dakika ishirini kabla ya kuondoka. Tatizo kwisha.

Gereji ya Uani:
Dada pole sana, na usinunue giaboksi bado. Mdogo wangu hapo juu, gari likiunguruma limesimama kinachopata moto ni injini. Geji ya joto inapima maji ya injini, haijui habari za giaboksi. Ndani ya giaboksi gia zinazunguka bila mzigo, oili inapata vuguvugu kidogo mno. Giaboksi inapashwa na safari.

Sasa nielezee kinachotokea. Oili ikipoa inakuwa nzito. Kila gia ya mbele ina ringi, nyingi ni za shaba, tunaziita sinkronaiza. Unaposukuma liva, ringi inabana koni ya gia ili vitu viwili vinavyozunguka kwa kasi tofauti vilingane, ndipo meno yaingie. Ili ibane, lazima kwanza ikate utando wa oili ulioko katikati. Oili nzito haikatiki haraka, kwa hiyo ringi inateleza, na ukilazimisha meno yanakutana kabla ya wakati. Hiyo ndiyo krrr yako.

Na kwa nini tatu kurudi mbili ni mbaya kuliko moja kwenda mbili? Ukipandisha gia, shafti inayotoka kwenye klachi inatakiwa ipungue kasi, na oili nzito inasaidia kuikokota. Ukishusha gia, shafti hiyo hiyo inatakiwa iongezewe kasi, na oili inaivuta nyuma. Ringi inapigana na uzito wa shafti na oili pia. Maelezo yako yamekaa sawasawa na oili nzito, ndiyo maana nakuuliza: Machi walikuwekea oili gani? Tafuta kopo au risiti, nitajie namba.

MamaKaroti:
Asante sana kaka. Kopo lipo, nilikuwa nimelifanya la kuchotea maji. Limeandikwa 85W-140, chini yake GL-5.

Gereji ya Uani:
Hiyo ni oili ya difu, yale meno ya ekseli yanayozungusha magurudumu, dada. Si ya giaboksi yako.

Namba inayotangulia W ni tabia ya oili kwenye baridi, inayofuata ni uzito wake ikiwa na moto wa nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, 75W inapimwa baridi kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 tu chini ya sifuri. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyobaki nyepesi kwenye baridi. Na 140 ni nzito mno hata ikiwa na moto. Tanga mjini, hata Julai, usiku hatushuki sana chini ya nyuzi 20, ndiyo maana hapa hukuona kitu. Lushoto iko juu mita 1,400 hivi, na miezi hii alfajiri inaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi.

GL-5 nayo ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi, imetengenezwa kwa meno ya difu yanayosuguana kwa nguvu. Baadhi zinakula shaba, na utelezi wake unaifanya ringi ishindwe kubana. Giaboksi nyingi za gari ndogo zinataka GL-4, yenye dawa hiyo kidogo zaidi, 75W-90 au nyepesi zaidi. Angalia kitabu cha gari lako, hicho ndicho cha mwisho.

Msafiri wa Edmonton:
Nimezaliwa Chumbageni, sasa naishi Kanada, naendesha gari la gia za mkono. Hapa Januari inaweza kufika 30 chini ya sifuri. Usiku tunachomeka injini kwenye umeme, ina hita yake, lakini giaboksi haipati kitu. Asubuhi injini inawaka vizuri na liva haisogei. Ninachofanya: nikishawasha, naiacha kwenye nyutro, yaani bila gia, mguu ukiwa nje ya klachi dakika moja au mbili, naondoka taratibu kwa namba moja, na kila gia naisukuma kwa mkono mwepesi, naegemeza liva mpaka iingie yenyewe. Kilomita tano au zaidi ndipo inalainika.

Nguvu Mpya:
Changanya na dizeli kidogo kwenye giaboksi, itakuwa nyepesi siku hiyo hiyo. Nimeona watu wanafanya.

Gereji ya Uani:
Hapana. Dizeli inaua utando unaolinda beringi na meno. Itaingia gia leo na mwezi ujao utasikia giaboksi inalia. Tafadhali dada usijaribu.

Dereva wa Mbao:
Binti, marahaba. Nimeshusha mbao kutoka Magamba miaka mingi, kwa malori ambayo hayakuwa na hizo ringi kabisa. Wenzangu wameongea oili, nami naongea mlima, maana oili utabadili wiki hii au ijayo lakini mlima utaushuka kesho.

Asubuhi ya baridi usianze kuteremka ukiwa na tatu kwa kutegemea kuipata mbili katikati. Weka mbili mapema, gari likiwa pole pole, kabla ya mteremko kuanza, na shuka nayo. Ukiitaka mbili ukiwa tatu, fanya hivi: breki kwanza, punguza mwendo. Kanyaga klachi, toa gia, weka nyutro, achia klachi. Gusa mafuta kidogo. Kanyaga klachi tena, sukuma mbili. Ule mguso wa mafuta ndio unaoiongezea shafti kasi ambayo ringi imeshindwa kuipa. Jifunze kwanza barabara tambarare, pale Korogwe ukiwa huna mzigo, mpaka mguu uzoee.

Ikikataa, rudisha tatu. Usibaki nyutro ukipapasa. Gari lenye mzigo likiwa nyutro, breki zinabeba kila kitu, zinapata moto, na zikipata moto zinalegea.

MamaKaroti:
Shikamoo mzee wangu, nakushukuru. Nimesoma mara tatu. Na ya klachi je, nitajuaje?

Gereji ya Uani:
Zima gari, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Kisha washa, rudia. Zikiwa nyepesi limezimwa na ngumu limewashwa, klachi haiachii vizuri: rekebisha waya wake, au kama ni ya mafuta (haidroli) angalia kiwango na uvujaji. Zikiwa ngumu hata limezimwa, ni oili au waya za gia. Fanya hivyo Lushoto alfajiri, gari likiwa la baridi. Mjini mchana hutapata jibu.

Siku ya kumwaga oili, lizungushe kwanza ipate moto. Na fundi afungue nati ya kujazia kabla ya ile ya chini. Nimeona watu wamemwaga oili yote, halafu nati ya juu ikagoma kufunguka.

MamaKaroti (baada ya siku kumi na moja):
Narudi kutoa mrejesho. Lushoto alfajiri, gari limezimwa, gia zilikuwa ngumu vile vile. Kwa hiyo klachi nimeiacha. Alhamisi tumemwaga oili. Nati ya chini ina sumaku, ilikuwa na uji mweusi laini, fundi kasema huo ni wa kawaida, hakuna kipande. Lakini kwenye beseni, nilipoinamisha juani, niliona vichembe vinametameta rangi ya dhahabu. Si vingi. Kitabu kinasema 75W-90 GL-4, ndiyo niliyoweka, mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Jumamosi nimelala Lushoto, kulikuwa na ukungu na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Moja imeingia. Mbili imesita kidogo tu. Tatu kurudi mbili bado inakwaruza asubuhi nikiwa na haraka, nikifanya alivyofundisha mzee haikwaruzi. Nimeshuka na mbili mpaka Soni. Vile vichembe vya dhahabu, kaka wa gereji, vinamaanisha ringi ya mbili imeshaliwa?

Gereji ya Uani:
Imeliwa kiasi, dada. Kwa unavyoeleza bado inafanya kazi. Mwaga tena baada ya miezi mitatu, uangalie beseni juani kama ulivyofanya. Vikiwa vimepungua, endelea na safari zako. Vikiongezeka, tutafungua tubadili ringi hiyo, giaboksi nzima haihusiki.