Naomba ushauri: nifanyeje niruke ndege ya kivita kwenye simuleta jinsi rubani anavyoiruka?

Kipanga ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa waliotangulia katika simuleta za ndege za kivita. Natumia simuleta ya DCS World na ndege yangu ni F-16C. Nina joistiki yenye mkono wake wa injini pamoja na kifaa cha kufuatilia mwendo wa kichwa, ila pedali za miguu sina.

Kuwasha ndege iliyozimwa kabisa hakunisumbui tena. Naanzisha injini kwa JFS (injini ndogo ya kuanzishia), nasogeza mkono wa injini hadi nafasi ya mwendo wa chini mzunguko wa injini unapofika asilimia 20, nasubiri takriban dakika 8 mfumo wa uelekezi ujipange, na kila swichi ninayoigusa naijua kazi yake. Shida inaanza magurudumu yakishaacha ardhi. Kwanza, nikitua ama nagonga kwa kishindo ama napaa tena nikiwa katikati ya njia ya kutulia. Pili, katika mapambano ya karibu naanza vizuri, lakini baada ya mizunguko michache ndege inakuwa nzito, mwendo unaisha, na adui anakaa nyuma yangu. Tatu, ndege ya AWACS (ile inayochunguza anga kwa rada kubwa) inaniambia kuna maadui mbele, nami rada yangu haionyeshi kitu.

Naweza kupunguza ugumu kwenye mipangilio, lakini sitaki. Ninachotaka ni kuruka kwa utaratibu ambao marubani wenyewe wanaufuata. Nianzie wapi, na nifanye mazoezi gani nikiwa peke yangu?

Bi. Mwinuko amejibu:

Ndugu Kipanga, anza na kutua, kwa sababu mazoezi ya kutua ndiyo yatakayokufundisha kusoma ndege yenyewe, na mengine utayapata kwa urahisi zaidi baadaye.

Watu wengi hukaribia uwanja wakiangalia mwendo peke yake. F-16 haituliwi hivyo, maana mwendo unaofaa hubadilika kwa uzito wa mafuta na silaha ulizobakiza. Kinachobaki vilevile ni pembe ambayo kwayo bawa linakutana na hewa. Ukishateremsha magurudumu utaona kwenye HUD (kioo cha mbele ya rubani kinachoonyesha namba na alama za safari) mabano madogo yamesimama karibu na ile alama ya njia ya ndege, yaani kiduara chenye mabawa mafupi kinachokuonyesha mahali ndege inakokwenda kwa kweli, ambapo si lazima pawe pale pua ilikoelekea. Kiduara kikilingana na ncha ya juu ya mabano, pembe yako ni nyuzi 11. Kikiwa katikati ni 13. Kikifika ncha ya chini ni 15, na hapo sehemu ya nyuma ya ndege iko hatarini kukwaruza lami.

Basi fanya hivi. Jipange mbali, tuseme maili 8 au 10 za baharini kutoka uwanjani, magurudumu yakiwa chini na breki za hewa zimefunguliwa. Weka kiduara kwenye mwanzo wa njia ya kutulia, kikiwa takriban nyuzi 2.5 hadi 3 chini ya upeo wa macho. Tumia joistiki kukishikilia pale, na tumia mkono wa injini kuishikilia pembe ya nyuzi 11. Usiibadilishe mikono kazi: mmoja unalenga, mwingine unalinda pembe. Unapokaribia lami, inua pua polepole ili kiduara kiteleze mbele juu ya njia na pembe isogee kuelekea 13, huku ukipunguza nguvu kidogo kidogo. Kupaa tena kunakokusumbua mara nyingi hutokana na kufika ukiwa na mwendo wa ziada, kisha kuivuta pua kwa ghafla. Bawa bado lina nguvu ya kukubeba, nalo litakubeba.

Ukishagusa, usikimbilie kuishusha pua. Ishikilie kwenye nyuzi 13 ili mwili mzima wa ndege ushike hewa, mpaka mwendo upungue kufika karibu noti 100 (maili za baharini kwa saa), ndipo uiteremshe na kutumia breki za magurudumu. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa kwa nini breki zinawaka moto.

Mzee wa Rada amejibu:

Dada Mwinuko amemaliza habari ya kutua. Mimi nitasema juu ya rada tu.

Mkuu, rada yako inafanya kazi. Tatizo ni kwamba unaielekeza mahali ambapo adui hayupo. Boriti ya rada ni nyembamba kwa wima, na antena ina kidhibiti chake cha kuinua na kushusha ambacho wapya karibu wote hukisahau. Pembeni mwa kishale cha rada kwenye skrini kuna namba mbili: ni mwinuko wa juu na wa chini unaochunguzwa na rada kwa umbali ule ambao kishale kipo. Ukisogeza kishale mbele au nyuma, namba hizo hubadilika. AWACS akikuambia adui yuko maili 40, futi 12,000, peleka kwanza kishale kwenye maili 40, kisha zungusha kidhibiti cha antena mpaka futi 12,000 ziwe katikati ya namba zile mbili. Ndipo usubiri. Rada inahitaji sekunde kadhaa kukamilisha ufagiaji wake, na ukiyumbisha antena kila mara utampita adui bila kumwona.

Ipo hesabu ya kichwani ambayo marubani hufundishwa, nayo itakusaidia kuliko kifaa chochote utakachonunua. Nyuzi 1 kwa umbali wa maili 60 za baharini ni sawa na maili 1, yaani takriban futi 6,000. Kwa hiyo kila nyuzi 1 ni futi 100 kwa kila maili. Adui akiwa maili 40 mbele na futi 8,000 chini yako, nyuzi 1 kwa umbali huo ni futi 4,000, hivyo shusha antena nyuzi 2. Hesabu hiyohiyo hukuambia uanze lini kushuka kwenda kutua: kwa mteremko wa nyuzi 3 unapoteza futi 300 kwa kila maili, hivyo ukiwa futi 15,000 juu ya uwanja unahitaji maili 50. Ifanye kwa sauti kila unaporuka mpaka ije yenyewe.

Jambo la mwisho: adui akigeuka na kukuonyesha ubavu, anaweza kupotea kwenye rada hata kama yuko karibu. Rada hizi huitenga ardhi kwa kupima kasi ambayo vitu vinakukaribia, na ndege inayokatiza kwa ubavu kamili mbele yako inakukaribia kwa kasi ileile ya ardhi iliyo nyuma yake. Usidhani imeharibika. Kumbuka alikuwa wapi na alikuwa akielekea wapi, uendelee kumtafuta hapo.

Mbayuwayu amejibu:

Ndugu mwuliza swali, kuhusu mapambano ya karibu, maelezo yako yenyewe yana jibu: «naanza vizuri, kisha mwendo unaisha». Unavuta joistiki hadi mwisho na kuiacha huko. Kompyuta ya F-16 inakulinda usivuke G 9 (mara tisa ya uzito wa kawaida), hivyo ndege haivunjiki, lakini haikulindi dhidi ya gharama. Kila G unayoivuta huongeza ukinzani wa hewa, na ukinzani huo hulipwa kwa mwendo au kwa mwinuko. Katika miaka ya 1960, John Boyd wa Jeshi la Anga la Marekani, akishirikiana na mwanahisabati Thomas Christie, aliiandika nishati hii kwa hesabu, na F-16 ni ndege iliyozaliwa katika mawazo hayo. Kuiruka bila kuhesabu nishati ni kuinyima kile ilichoundwa kukifanya.

Zoezi langu ni rahisi, na linachosha kidogo, lakini lifanye. Ondoa makombora na matangi ya nje. Panda futi 5,000, washa moto wa ziada wa injini, laza ndege na uzunguke duara kamili bila kupanda wala kushuka, ukitafuta kukaa kati ya noti 400 na 450. Mwendo ukizidi, vuta zaidi, ukipungua, legeza. Mwanzoni macho yako yatakuwa kwenye namba za HUD muda wote. Endelea mpaka uweze kuushika mwendo huo ukiwa umegeuza kichwa kuangalia juu ya bega, huku ukitazama HUD kwa nusu sekunde tu, maana katika pambano adui atakuwa juu ya kichwa chako na HUD itakuwa nje ya macho. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyumbani hausikii uzito mwilini, kwa hiyo masikio lazima yafanye kazi ya mgongo: sikiliza mlio wa hewa na kule kutetemeka kwa ndege, na angalia jinsi kingo za skrini zinavyoanza kuwa nyeusi.

Ukumbuke pia kwamba kwa G ileile, ukiongeza mwendo mara mbili, duara lako linapanuka mara nne. Ndiyo maana kuingia kwenye pambano ukiwa na noti 600 si sifa. Utapita nje kabisa, na mwenzako atakuwa ameshageuka.

Naongeza neno juu ya wapinzani wa kompyuta. Katika DCS ndege hizo zimekuwa zikitumia hesabu rahisi za urukaji, tofauti na ndege yako, na baadhi yake hupanda au kuzunguka bila kupoteza nishati inavyostahili. Zitumie kujifunza kuweka macho kwa adui, lakini uwezo wako upime kwa kupambana na binadamu, mkiwa na ndege za aina moja na bunduki peke yake.

Ndoano amejibu:

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini nina mtazamo tofauti kuhusu mahali pa kuanzia. F-16 ni ndege inayokusamehe kupita kiasi. Inajirekebisha yenyewe, inakuzuia usiizidishie pembe, na mwanafunzi anaweza kuruka muda mrefu bila kujua kwamba anavuta vibaya. Hakuna rubani wa kijeshi anayeanza hapo. Wote hupitia ndege za mafunzo.

Jeshi la Majini la Marekani, kupitia kamandi yake ya mafunzo ya anga, CNATRA, limeweka hadharani vitabu vya mafunzo ya ndege ya T-45, na ndani yake kuna sura za kuruka kwa kundi kwa mpangilio, mapambano ya karibu na kutua. Vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, hatua kwa hatua. Wapenzi wa simuleta wameitengeneza T-45 kwa ajili ya DCS na kuitoa bure. Soma sura moja, iruke, kisha nenda inayofuata. Hapo unakuwa unafuata utaratibu wenyewe ambao mwanafunzi wa kweli anaufuata, jambo ambalo ndilo uliloliomba. Nakusihi ubaki kwenye vitabu vilivyotolewa kwa umma namna hii. Miongozo ya ndege za kisasa inayozunguka kwa siri ina vikwazo vya kisheria, na hakuna simuleta inayostahili kukuingiza katika matatizo hayo.

Mimi naruka F/A-18C kwenye meli ya kubebea ndege, na napenda uone tofauti. Huko mikono hubadilishana kazi: unairekebisha ndege ikae yenyewe kwenye pembe ya nyuzi 8.1, kisha unaiacha, na mteremko unauongoza kwa mkono wa injini. Ukizama, ongeza nguvu; kabla hujafika unapotaka, punguza; kisha ongeza kidogo ili utulie. Marekebisho yote yana sehemu hizo tatu, na asiye na ya tatu hupanda na kushuka mpaka kwenye sitaha. Magurudumu yakigusa unapeleka injini kwenye nguvu kamili, kwa kuwa hujui kama ndoano ya mkia imenasa waya wa kuisimamisha ndege. Dada Mwinuko amekuambia kinyume kwa F-16, naye yuko sahihi kwa F-16. Utaratibu ni wa ndege husika, usiuchanganye.

Kipanga ameandika:

Nawashukuru sana. Nimejaribu hesabu ya Mzee wa Rada, na kwa mara ya kwanza niliwaona maadui kabla AWACS hajarudia wito. Duara la Mbayuwayu bado linanishinda nikigeuza kichwa. Nina maswali mawili yaliyobaki: je, pedali ni za lazima? Na nikiwa peke yangu bila mwalimu, nitajuaje nilipokosea?

Bi. Mwinuko amejibu:

Pedali zinaweza kusubiri. Katika F-16 kompyuta inaratibu usukani wa mkia kwa sehemu kubwa ya safari, na kwenye lami utatumia mzunguko wa joistiki kama unao. Ukihamia helikopta au ndege za Vita Kuu ya Pili, hapo ndipo utazihitaji mara moja.

Kuhusu kujikagua, tumia Tacview. Hurekodi safari nzima na kukuonyesha njia ya kila ndege pamoja na mwendo, mwinuko na G. Katika vikosi vya kweli kikao cha baada ya safari mara nyingi huwa kirefu kuliko safari yenyewe, na mafunzo mengi hupatikana pale. Kabla ya kuruka andika sentensi moja ya lengo, kwa mfano «nitashika nyuzi 11 kuanzia maili 5 mpaka mwanzo wa njia». Ukitua, fungua rekodi na uangalie lengo hilo peke yake. Pembe ilianza kutoroka wapi? Sekunde chache kabla ya hapo mkono wa injini ulikuwa ukifanya nini? Ukipata jibu, ruka tena zoezi lilelile siku hiyohiyo, kabla mkono haujasahau.

Mbayuwayu amejibu:

Na kwa lile duara, usigeuze kichwa kwa mzunguko mzima. Anza kwa kuangalia bega kwa robo ya duara, rudi kwenye HUD, soma mwendo, kisha rudi begani. Tuwekee hapa rekodi yako ya Tacview ya duara la kulia na la kushoto. Wengi wetu upande mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, na nitakuonyesha ni wapi unalegeza mapema.