Kutoka Lubumbashi hadi mgodi wa Potosí

Swali: Bayaya (kaka na dada zangu), nataka kuingia mgodi wa Cerro Rico, Potosí, Bolivia. Nifike moja kwa moja?

Jibu 1: Hapana. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Potosí inapita 4,000. Lala kwanza Sucre, mji mwingine wa Bolivia ulio mita 2,800, siku tatu, mwili uzoee kimo. Kichwa kikiuma na ukatapika, shuka, usingoje kupona hukohuko juu. Usisahau kadi ya homa ya manjano.

Jibu 2: Yaya wa Jibu 1 amesema kweli. Ndani ya mgodi kuna vumbi la silika, vumbi laini la mawe linaloharibu mapafu; kitambaa hakitoshi, vaa maski ya N95, inayochuja vumbi laini. Utainama sana. Toroli la madini likija relini, jibanze ukutani: limebeba mawe, halisimami ghafla. Wapelekee wachimbaji majani ya koka, wanayotafuna, na soda. Jumapili wengi hawapo.

Jibu 3: Koka iliyobaki iache Bolivia. Forodhani mwa nchi nyingi inahesabiwa dawa ya kulevya.