Rosa Mistika kwenye begi la Neema

Grupu: UKOO WA BIBI VERO, TABATA

Baba Neema: [Picha]

Baba Neema: Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msome huo ukurasa taratibu halafu mniambie kama hicho ni kitabu cha mtoto wa kidato cha pili. Nimekikuta kwenye begi la Neema. Kina muhuri wa maktaba ya shule.

Baba Neema: Nimeshakirusha kwenye grupu la wazazi, na jina la mwalimu wa maktaba nimeliweka. Kesho tunakwenda wazazi kama kumi hivi. Huyo mwalimu atafute kazi nyingine.

Anko Sosi: Duh

Anko Sosi: Shemeji picha yako imekaa kichwa chini. Nimepindisha shingo humu kwenye daladala mpaka jirani naye anasoma

Kelvin: 😂😂😂

Mwl. Edina: Shikamoo Mama, shikamooni wakubwa. Ndiyo natoka kusahihisha. Shemeji, hiyo si Rosa Mistika?

Baba Neema: Ndiyo jina lake.

Mwl. Edina: Riwaya ya Kezilahabi. Ilitoka 1971. Wala wewe si wa kwanza kukasirika. Ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni, kwa sababu hizohizo zako. Baadaye ikaruhusiwa, watu wakaisoma darasani na kuifanyia mitihani.

Baba Neema: Basi waliopiga marufuku ndio waliokuwa na akili. Shemeji, mimi sipingi fasihi. Mtoto ana miaka 15. Nani aliniuliza?

Anko Sosi: Hapo kwenye nani aliniuliza nipo na wewe

Baba Neema: Asante. Na serikali yenyewe 2023 si ilizuia vitabu? Waziri Mkenda si alisimama akasema vinakwenda kinyume na maadili yetu? Au ile ilikuwa ya watoto wa wengine?

Mwl. Edina: Vilikuwa 16, Februari ile, vya Kiingereza kutoka nje. Kulikuwa na ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ambao watoto wa shule za Kiingereza walikuwa wanaugombania kama ubuyu, na vingine vya kufundisha elimu ya jinsia. Rosa Mistika haimo humo.

Mwl. Edina: Na wiki ile naikumbuka. Tuliambiwa tupekue makabati. Vitabu vyetu vingi ni vya msaada, vinakuja kwenye maboksi, hakuna aliyewahi kuvifungua. Tukakuta kimoja cha jinsi ya kuteleza kwenye barafu. Temeke hii. Tukakaa tunakijadili kama kina madhara 😅

Kelvin: Mama mdogo, kina madhara ya magoti

Anko Sosi: Sasa maboksi hayo nani anayapitisha?

Mwl. Edina: Kwa utaratibu, kitabu cha shule kinatakiwa kipite Taasisi ya Elimu, kipate ithibati ya Kamishna wa Elimu. Zamani kulikuwa na kamati nyingine, ikavunjwa 2013 baada ya mbunge Mbatia kupiga kelele bungeni kuhusu vitabu vibovu. Hayo ya kiada yanaeleweka. Lakini boksi la msaada likishushwa getini na mkuu wa shule akapigwa nalo picha, ni mwalimu wa maktaba na macho yake mawili. Na huyo mwalimu ana vipindi vya Kiswahili madarasa manne, maktaba kabebeshwa juu, halipwi hata senti.

Baba Neema: Kwa hiyo tumwache kwa sababu amechoka?

Mwl. Edina: Sijasema hivyo. Nasema umeweka jina lake kwenye grupu la watu zaidi ya mia mbili usiku, kabla hujamuuliza hata swali moja. Kuna mwalimu wa darasa, kuna mkuu wa shule, kuna bodi ya shule ambayo ndani yake wazazi wamo. Ukishindwa huko kuna Afisa Elimu Kata, kuna wathibiti ubora. Mwalimu akikosea kweli kuna Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwalimu wa serikali hafukuzwi na grupu, shemeji.

Baba Neema: Bodi ya shule! Mwenyekiti wake ukimpigia anasema yuko kwenye kikao. Tangu Januari yuko kwenye kikao.

Anko Sosi: 😂 hiyo nayo kweli

Mwl. Edina: Na wazazi je? Mkutano wa mwisho kwetu wanafunzi mia nane, walikuja wazazi thelathini na kitu. Tangu ile ada ya 20,000 ifutwe 2016 watu wamedhani na kuja shuleni kumefutwa.

Baba Neema: Mimi mkutano nilikwenda.

Mwl. Edina: Nilijua utasema. Wewe ulikwenda kweli, hilo nakupa.

Anko Sosi: Mimi nina swali moja tu. Shemeji, wakati wa yule mtoto wa jirani yako aliyerudi na alama mgongoni, hilo grupu lenu la wazazi lilisema nini?

Baba Neema: Hilo ni jambo tofauti.

Anko Sosi: Tofauti kivipi? Kanuni zipo tangu 2002. Viboko visizidi vinne, mkuu wa shule achape mwenyewe au amteue mwalimu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Kuna mzazi yeyote Dar es Salaam hii aliyewahi kwenda kuomba alione hilo daftari? Mmoja tu nitajieni. Lakini ukurasa mmoja wa riwaya, watu kumi wanaomba ruhusa kazini

Anko Sosi: Nimeshuka Buguruni, natembea sasa. Hasira zimenipandisha bila nauli

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Jamani huku ndiyo kwanza mchana, niko kazini, nimekuta ujumbe arobaini nikajua Mama anaumwa!

Mwl. Edina: Mama mzima Dada. Ni Baraka, baba Neema, na kitabu.

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Nimesoma. Basi mmenigusa, maana kesi kubwa kuliko zote za mambo haya ilianzia kaunti yangu hii, Montgomery. Shule ziliweka vitabu vya hadithi vyenye wahusika mashoga kwa watoto wadogo kabisa, kuanzia wa chekechea. Mwanzoni mzazi alikuwa anapewa taarifa na anaweza kumtoa mwanawe, baadaye shule zikaacha. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakaungana kwenda mahakamani. Tulikuwa tunapita kwenye maandamano kwenda kazini, upande huu mabango, upande ule mabango.

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Juni 2025 Mahakama ya Juu ikawapa wazazi ushindi, majaji sita kwa watatu. Shule itoe taarifa mapema, na asiyetaka amtoe mtoto wake kwenye kipindi hicho.

Baba Neema: UMEONA? Marekani yenyewe! Dada Fortu Mungu akubariki.

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Subiri basi shemeji, sijamaliza na bosi anapita

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Kumtoa mtoto WAKO. Mahakama haikuagiza kitabu kitolewe kabatini ili na mtoto wa jirani asikisome. Hayo ni mambo mawili na huku watu wanayachanganya makusudi. La kutoa vitabu maktaba lina kesi yake ya zamani, 1982, mwanafunzi wa New York anaitwa Pico aliishitaki bodi ya shule. Alishinda, ila majaji waligawanyika vipande vipande, hadi leo wanasheria wanabishana. Na kuna majimbo kama Florida, tangu 2022 na 2023 walipotunga sheria zao, mkazi mmoja akilalamika, kitabu kinaweza kuondolewa kwanza, maswali baadaye. Walimu wengine walifunika makabati yao ya darasani kwa karatasi.

Mwl. Edina: Ndiyo hofu yangu. Mwalimu akishatajwa jina, mwaka kesho kabati linafungwa kufuli na ufunguo "umepotea". Hakuna kitabu kibaya, hakuna kizuri. Shule za hivyo nazijua nyingi.

Baba Neema: Sawa. Mimi nataka mtoto wangu. Ya jirani sijui.

Anko Sosi: Lakini si ulisema mwalimu aondoke? Akiondoka anamwondokea Neema peke yake?

Kelvin: Anko Baraka kwa heshima zote, huo ukurasa ni maji ya kunywa mbele ya vitu vilivyomo kwenye simu ya Neema. Na ile simu ulinunua wewe

Baba Neema: Kelvin, wewe baba yako yupo humu. Sitaki kukujibu.

Anko Sosi: Kelvin kaa kimya. (Kasema kweli lakini.)

Bibi Vero: [Ujumbe wa sauti 4:12]

Baba Neema: Marahaba Mama... yaani shikamoo Mama. Niko kwenye foleni Tazara, sisikii vizuri.

Mwl. Edina: Nawaandikia aliyosema. Anasema: marahaba wote. Hicho kitabu anakijua. Mwaka 1973 yuko bweni kwa masista, kilikuwepo kimoja tu bweni zima, kimevuliwa jalada na kuvalishwa jalada la katekisimu. Walikisoma kwa zamu, kila mtu usiku mmoja na tochi, asiyemaliza shauri yake. Sista akakikamata siku ya zamu yake, hakuwa amefika mwisho. Akamaliza kukisoma akiwa na mimba ya Fortu.

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Ndiyo maana 😂

Mwl. Edina: Bado. Anasema, Baraka mwanangu, wewe umesoma kurasa ngapi? Maana humo kuna baba anaitwa Zakaria, mlevi, kule Namagondo Ukerewe. Binti yake akiandikiwa barua na mvulana, anampiga mpaka watu wanashangaa. Anamchunga kama ndama. Halafu binti anakwenda shule ya mbali, hajui hata kusema hapana, maana nyumbani hakuwahi kuongea na mtu kuhusu chochote zaidi ya kupigwa. Yote mabaya yanayofuata yanaanzia hapo kwa Zakaria. Anasema mwandishi hamsifii Rosa hata mstari mmoja, na mwisho wake ni wa kuhuzunisha, na hicho ndicho alichotaka kumwambia mtoto wa kike na baba yake. "Sasa wewe umefungua katikati ukakuta kitanda, ukafunga."

Anko Sosi: 🙆🏾‍♂️

Kelvin: Bibi ameua

Baba Neema: Mama, nimekusikia kwa heshima. Mimi si mlevi na Neema sijawahi kumpiga, wote mnajua. Lakini kuna njia nyingi za kumfundisha mtoto hayo bila kumwonyesha kitandani. Mwandishi anaweza kuwa na nia njema, na mtoto wa miaka 15 akachukua la kwake tu. Hilo nalo ni kweli au si kweli?

Mwl. Edina: Ni kweli. Hapo sibishani. Mimi mwenyewe maktaba yangu nimeigawa, kabati la juu ni la kidato cha tatu kwenda mbele, wa chini akitaka anakuja tunaongea kwanza. Kama shule ya Neema hawana utaratibu huo, hilo ndilo la kuwaomba. Ni ombi zuri. Halihitaji kichwa cha mtu.

Mama Neema: Nimetoka kanisani ndiyo nafungua simu

Mama Neema: Baba Neema hicho kitabu mimi ndiye niliyemwambia Neema akiazime

Anko Sosi: Eeeeh

Kelvin: 👀

Baba Neema: Unasema?

Mama Neema: Aliniuliza swali juu ya rafiki yake wa shule, siwezi kuliandika humu. Nikaona kuongea naye moja kwa moja naanza kulia. Nikakumbuka kitabu cha Mama. Tunakisoma wote wawili, sura anasoma yeye mchana, mimi usiku, kesho yake tunaongea tukiosha vyombo. Tumefika alipokwenda chuoni Morogoro. Mwalimu alimkatalia mara ya kwanza akasema alete ruhusa ya mzazi, NIKAANDIKA MIMI BARUA. Ipo na sahihi yangu.

Mwl. Edina: Kwa hiyo mwalimu aliomba ruhusa. Akapewa. Na sasa jina lake liko kwa watu mia mbili.

Baba Neema: Mnanizunguka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mama Neema: Nilikuambia Jumapili tuna jambo la kuongea kuhusu Neema, ukasema Simba wanacheza

Anko Sosi: Shemeji hilo sasa liongeleeni nyumbani, sisi tunafumba macho. Lakini lile grupu la wazazi?

Mwl. Edina: Futa ile picha kwa wote, bado muda upo. Lakini kufuta peke yake hakutoshi, watu wameshaipiga skrinshoti. Andika mstari.

Baba Neema: Niandike nini?

Mama Mkubwa Fortu (Silver Spring): Usiandike insha. "Wazazi, kitabu nilichotuma kiliazimwa kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi. Mwalimu alifuata utaratibu. Safari ya kesho imefutwa. Tunaomba bodi iitishe kikao kuhusu utaratibu wa kuazima vitabu." Basi.

Anko Sosi: "ruhusa ya maandishi ya mke wangu" ingependeza zaidi 😂

Mama Neema: Sosi!

Baba Neema: Nimeituma. Ila mstari wa mwisho nimeongeza, kwamba orodha ya vitabu vyote vya maktaba ibandikwe ubaoni ili mzazi yeyote aione. Hilo silirudishi nyuma. Mke wangu alipewa nafasi ya kusema ndiyo, nami ningetaka nafasi ya kusema hapana.

Mwl. Edina: Orodha ni haki yako. Hata mimi nitaibandika ya kwetu, naona aibu haipo.

Baba Neema: Wamejibu. Mwalimu wa maktaba mwenyewe ameandika, anasema Alhamisi kuanzia saa nane mchana maktaba itakuwa wazi kwa wazazi. Hajaweka hata neno la hasira.

Mwl. Edina: Nenda.

Baba Neema: Nakwenda. Na lile daftari la viboko analolisema Sosi nitaliomba hapohapo.

Mwl. Edina: Hilo kaliombe kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa maktaba wa watu umwache apumue.