Mada: Pensheni ya California, nami niko Texas

Ndugu zangu, salaam.

Nilistaafu uuguzi Oakland mwezi Machi, na Juni mwanzoni nikahamia Houston kwa binti yangu. Pensheni inaingia, ila kwenye hati ya malipo naona bado wanakata dola 143 za kodi ya jimbo la California. Nimewapigia wanaolipa pensheni mara mbili. Wa kwanza kaniambia pesa zilichumwa kule, kodi ni ya kule. Wa pili kaniacha na muziki hadi chai ikapoa. Nifanyeje?

———

Shikamoo mama.

Huyo wa kwanza anasema ya zamani. Enzi hizo California iliwafuata wastaafu hadi walikohamia. Sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini Januari 1996 ikapiga marufuku jimbo lolote kutoza pensheni ya mtu asiye mkazi wake. Kinachotazamwa ni unakoishi pesa inapokufikia, si ulikotolea jasho. Na Texas haina kodi ya mapato, kwa hiyo kwa upande wa jimbo hudaiwi hata senti. Ya serikali kuu, hiyo utalipa popote.

Malipo uliyopokea kabla ya kuhama ni halali ya California, usiyagombanie. Yaliyokatwa tangu uhame Juni utayadai mwakani kwa fomu 540NR, ile ya kodi ya California kwa asiye mkazi au aliyekaa sehemu tu ya mwaka. Ili waache kukata, jaza fomu DE 4P uwapelekee haohao wanaolipa pensheni, si ofisi ya kodi. Mimi niliipeleka kusiko, nikapoteza miezi miwili. Baki na nakala.

Sasa swali, mama: nyumba ya Oakland umeuza au umepangisha? Kama umepangisha, kodi ya mapato ya pango inabaki ya California, sheria ile haigusi pango. Na uwe umehama kweli: leseni ya udereva, gari, anwani ya benki. Ukiwa huku nusu na kule nusu, watasema hujatoka.

———

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Nyumba nilikuwa mpangaji tu, sina la kuuza.

Leseni ndiyo bado ya California. Binti anasema Texas wanampa mgeni siku 90, nami nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni: zimebaki 11. Kesho asubuhi ananipeleka.