Tupeane uzoefu: shabaha na ujasiri vitani, mlivyosimuliwa na wazee wenu

Wakuu, heshima kwenu.

Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita Bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria. Kwa kuwa kwao alikuwa mwindaji, alitangulizwa kwenye doria. Siku moja alilala nyuma ya gogo tangu alfajiri, ruba wamemjaa shingoni, hathubutu kuwabandua kwa sababu juu ya miti kulikuwa na Mjapani. Adhuhuri tawi likatikisika na upepo hakuna. Babu akapiga risasi moja tu. Akisimulia, akifika hapo alikuwa ananyamaza, anaomba maji. Desemba waliingia Kalewa, kwenye Mto Chindwin.

Karibuni.

Mtoto wa mgambo:
Mkuu, shikamoo ya babu ifike huko aliko. Baba alikuwa mgambo vita vya Kagera, Brigedi ya 201. Tarehe 10 Machi 1979, Lukaya, Uganda, Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin walifyatua maroketi. Yalipita juu yakaanguka nyuma yao, lakini ule mlio! Vijana wengi walikuwa hawajawahi kuusikia, wakakimbia. Baba na wachache wakabaki kwenye kinamasi kando ya barabara usiku kucha, maji kifuani, bunduki kichwani isilowe. Alfajiri Brigedi ya 208 ikatokea ubavuni mwa adui, na hawa wa 201 wakarudi kushambulia kwa mbele. Anasema hajui alimpiga nani. Anachokumbuka ni baridi.

Kuruta wa zamani:
Mimi vita sijaviona, nilipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Risasi zangu tano za kwanza zilikwenda na maji, nilikuwa nabana pumzi na kukwapua kifyatulio. Ndiyo maana namvulia kofia Simo Häyhä wa Finland, mkulima aliyepigana na Wasovieti 1939–40. Hakutaka darubini, kioo chake kingemeta juani na kumlazimu ainue kichwa. Alitia theluji mdomoni mvuke wa pumzi usionekane. Machi 1940 risasi ilimvunja taya, akapona, akaishi hadi 2002.

Mleta mada:
Mtoto wa mgambo, mzee yupo? Mrekodi, mkuu. Sauti ya babu yangu sikuihifadhi, na inaniuma mpaka leo.

Mtoto wa mgambo:
Yupo. Jumamosi nakwenda kijijini.