Ile sauti iliyoletwa kikundini jana usiku

Swaleh: Assalamu alaikum jamaa zangu. Nimeileta hapa sauti ya yule bwana anayetaka kugombea kiti, kwa sababu anayasema wazi yale ambayo wazee wetu wameyanung'unikia miaka mingi: kwamba Amu, yaani Lamu, ina wenyewe, kwamba kazi za bandarini zimekwenda kwa watu wa bara, na kwamba wakati umefika wenyeji halisi wausafishe mji wao. Naomba kila mmoja aisikilize mpaka mwisho, kisha aifikishe kwenye vikundi vyake.

Ami Shee: Waalaikum salaam, mwanangu. Nimeisikiliza mara mbili. Nusu ya kwanza sina ugomvi nayo, kwani hata mimi sina hati ya kiwanja alichoniachia marehemu baba. Irudie uangalie anapovuka. Anaanza na waliogawa ardhi na waliotia saini mambo ya bandari, na hao hawataji kwa jina wala kwa cheo. Mara ghafla yuko sokoni anamlaumu mama wa bara anayeuza sukuma wiki, ambaye hajawahi kugawa hata pima moja ya ardhi ya mtu.

Swaleh: Shikamoo Ami. Nimekuelewa, lakini mtu kupenda kwao na kutaka watu wake watangulizwe kumekuwa kosa tangu lini?

Ami Shee: Marahaba. Kupenda kwenu si kosa hata kidogo, na anayekipenda kisiwa hiki nitamsikiliza usiku kucha. Ninalolikataa ni neno moja tu, "halisi". Mwanasiasa akishasema kwamba kuna wananchi halisi, na kwamba yeye peke yake ndiye mdomo wao, kila atakayempinga atakuwa amejitoa katika wananchi, awe hakimu, mwandishi wa habari au jirani yako. Na sisi tutapimwa kwa kipimo gani? Nyanya yako mzaa baba ametoka Siyu, babu yake yeye alishuka jahazini kutoka Hadhramaut kule Yemen, na upande wa mama yako ni Wabajuni. Habib Swaleh, ambaye kila Maulidi tunajivunia wageni wanaokuja kwa ajili ya msikiti wake wa Riyadha, alizaliwa Ngazija, na aliwasomesha watu wa mtaa wa Langoni na waliotoka utumwani wakati baadhi ya waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao darasa moja. Lau kipimo cha bwana huyu kingetumika siku zile, Habib angerudishwa forodhani.

Mwanaidi: Niko na Bibi hapa barazani, ameniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mama wa mboga ndiye aliyekesha nami babu yenu alipolazwa, nanyi mlikuwa Mombasa. Asiguswe."

Halati Zuhura: Assalamu alaikum kutoka London. Niruhusuni niseme niliyoyaona huku. Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport, na kabla hata hawajazikwa lilienea jina la uongo kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa mashua. Aliyeshtakiwa alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff, humu humu Uingereza. Jioni ya pili msikiti wa Southport ulishambuliwa kwa matofali, na fujo zikaenea miji mingine. Wengi waliolisambaza jina lile hawakurusha jiwe. Walibonyeza tu, kama unavyotuomba tubonyeze, mwanangu Swaleh. Lakini asubuhi iliyofuata majirani, wengi wao si Waislamu, walifika na mafagio na saruji wakaujenga upya ukuta wa msikiti, na tarehe 7 Agosti maelfu ya watu walijaa barabarani katika miji mingi kuwakinga waliotishiwa. Usiku ule ndipo nilipolala usingizi.

Swaleh: Pole Halati. Ila huko walikuwa wanazusha, na sisi dhuluma yetu ni ya kweli.

Mwanaidi: Ni ya kweli, Swaleh, na ndiyo maana sitaki itumiwe na mtu asiyekusudia kuitatua. Kumbuka kesi ya wavuvi juu ya bandari, iliyofunguliwa mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, baraza la rufaa la mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa hapa Lamu, kwa sababu hiyo hiyo ya kutoshirikishwa, na katika vita ile watu wa bara waliandamana Nairobi pamoja nasi. Walioshtakiwa ni wenye mamlaka. Hakuna mchuuzi aliyefukuzwa ili tushinde.

Na hilo neno "kusafisha" linanitia hofu. Kinachosafishwa ni madoadoa, na kwetu madoadoa ni rangi ya paka, lakini Bonde la Ufa neno hilo lilitumika kumaanisha jirani wa kabila jingine, na baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Sheria ya uwiano ya 2008 inamfunga mchochezi hadi miaka mitatu, au faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili.

Swaleh: Kesi ilichukua miaka sita, dada. Kijana wa gatini hana miaka sita ya kungoja.

Ami Shee: Hapo umesema kweli, na sitakudanganya kwamba njia hii ni fupi. Lakini muulize bwana huyo, hadharani na kwa adabu: akishinda, ni ofisi gani atakayoiendea, ni orodha gani ya ajira ya bandarini atakayodai itolewe, na sisi tutamfuatilia vipi? Kukiitishwa mkutano wa bajeti ya kaunti, nenda na vijana kumi wa gati, Mwamu na mbara, kwa sababu wote wanabeba mizigo ileile kwa ujira uleule. Nitakuja nanyi, na maswali nitawaandikia.

Halati Zuhura: Swaleh, uliipeleka wapi kwingine?

Swaleh: Kikundi cha manahodha na kile cha vijana wa gati. Huku na kwa manahodha nimeshaifuta. Kwa vijana muda wa kufuta umepita, kwa hiyo nimeandika kwamba niliituma bila kupima, na nikaweka yale maswali ya Ami chini yake. Wawili wamenitukana. Mmoja, kijana wa Mpeketoni, kule walikohamia watu wa bara, ameuliza mkutano ni siku gani.